Pole Zilizotaka Kumaliza Nguruwe wa Nkanka

Mimi ndiye muntu wa kwanza Nkanka kujengea nguruwe nyumba ya simenti. Ninasema hivyo mwanzoni ili anayesoma ajue anasoma maneno ya nani. Wengine walikuwa wakifunga nguruwe kwenye shina la mgomba. Mimi niliwawekea sakafu ya mteremko, bomba la maji, na bati jipya kuliko lile lililo juu ya kitanda changu. Shule niliacha mwaka wa tatu wa primere, kule Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Congo, kwa sababu mwalimu alisema kichwa changu hakishiki kitu. Batoto ba yule mwalimu wamekula akabenzi yangu kwenye baa za Kamembe, nyama ya nguruwe laini kuliko ya mtu yeyote, na mimi nilikuwa nimekaa meza ya pili nikiwaangalia wanavyolamba vidole.

Nguruwe walikuwa thelathini na mmoja. Weupe, warefu. Watu wakitoka kanisani walikuwa wanapitia kwangu kuwatazama kama vile wengine wanavyokwenda kutazama ndege zikishuka Kamembe. Niliwaacha waingie mpaka ndani, wawaguse mgongo. Ningewakataza kwa nini?

Jumanne moja dume langu kubwa lilikataa kula. Nilimwekea makapi ya pombe ya ndizi, kitu ambacho nguruwe hakatai hata akiwa amefungwa macho, akanigeuzia uso. Mwili ulikuwa wa moto. Masikio yalikuwa mekundu, na kesho yake yakawa na rangi ya divai ya misa. Wenzake walilaliana wote pembeni, mmoja juu ya mwingine, na jua lilikuwa kali. Siku ya tatu dume lilikuwa limekufa, damu puani, na majike mawili yalikuwa yanatembea kama walevi.

Mimi nilijua mara moja ni wivu. Muntu akipanda juu, kuna wanaomtazama miguu. Nilipoteza siku mbili nzima nikinusa maji ya bomba na kuchunguza majani kando ya ua, nikitafuta sumu. Bibi yangu wa ndoa ndiye aliyemwita dogiteri wa mifugo, lakini simu ilikuwa yangu.

Dogiteri ni dada wa umri mdogo, anapanda pikipiki, anavaa buti za mpira mpaka magotini. Alikataza mtu yeyote asimfuate ndani. Alichuchumaa, akapindua sikio la maiti, akabonyeza ngozi kwa kidole, akapima joto la wale waliobaki, akatoa damu ya kupeleka kupimwa. Halafu akatoka, akasimama mbali na mimi.

“Papa, unabalishaka nini?”

Nilifurahi kuulizwa, maana hiyo ilikuwa siri yangu ya biashara. “Mabaki ya baa za Kamembe. Kila asubuhi, ndoo sita. Wali, chipsi, mifupa.”

“Mifupa ya nini?”

“Ya akabenzi.”

“Unachemshaka kwanza, mbele ya kubapa?”

“Dogiteri, chakula kimeshaiva. Nikichemshe tena, ni kwa mgonjwa?”

Alivua glavu polepole. “Kuna muntu aliona ngurube yake inagonjwa, akaichinja mbio mbele haiyakufa, akauzisha mu baa. Mifupa yake ikafika kwako. Papa, ulilisha ngurube ngurube.”

Niligeuka nikaziangalia ndoo zangu sita.

Akaniambia mambo mengine, na nitayasema kama alivyoyasema, maana niliyashika yote, kichwa hiki hiki kisichoshika. Ni homa ya nguruwe. Mwanadamu haimshiki hata kidogo. Haina dawa wala chanjo, na atakayeniuzia sindano ameniuzia maji. Inasafiri kwenye damu, kwenye nyama, kwenye kamba, kwenye ndoo, na zaidi ya yote kwenye viatu. Waliobaki wote wauawe, wazikwe na chokaa. Nyumba ioshwe, ikae tupu siku arobaini. Katika sekta nzima ya Nkanka nguruwe asitoke, asiingie, asichinjwe.

Nilichimba shimo ambalo dogiteri mwenyewe alikiri hajaona lingine kama hilo. Hata kwenye msiba mimi sifanyi kitu kidogo.

Basi, zikaanza pole.

Kwetu muntu akipoteza mnyama, watu wanakuja. Wanakaa, wanakunywa, wanasema jipe moyo, halafu lazima waende kuona mahali mnyama alipokuwa analala. Usipoona mahali, haujatoa pole, umepita njia tu. Na mimi si muntu wa watu watatu. Siku ya kwanza walijaa ua mzima, wengine wakakaa kwenye ukuta. Bibi yangu aliazima viti mpaka vya shule.

Dogiteri alikuwa ameacha karai pana getini, limejaa maji na javeli, ile dawa kali ya kufulia nguo nyeupe. Kila anayeingia akanyage ndani. Kila anayetoka akanyage tena. Kazi ya kusimamia karai nilipewa mimi, na niliifanya nikiwa na kravati shingoni.

Watu walikuja wamevaa viatu vya Jumapili. Waliona javeli, wakajua itakula rangi. Kwa hiyo kila mmoja alivua viatu, akavishika mkononi juu juu visipate hata tone, akaingia karaini pekupeku, akasugua mguu mmoja kwa mwingine, akatoka, akajifuta, akavaa viatu vyake, akaingia mpaka ndani ya nyumba ya nguruwe. Wamama wawili walinishukuru kwa maji. Mmoja alisema hata kwenye harusi hajapokelewa hivyo. Mimi niliona ni heshima kubwa, nikaweka taulo.

Dogiteri alipita siku ya tatu, akakuta mstari unaofika barabarani. Alisimama karibu na pikipiki bila kuvua kofia yake ya chuma.

“Papa, hapa banaosha nini?”

“Miguu.”

“Na bilatu?”

“Bilatu biko mu mikono. Safi kabisa.”

“Ugonjwa iko mu bilatu, Papa. Miguu haina kintu.”

Nilitoa taulo.

Siku hiyo akaniamuru nifunge geti, asiingie yeyote. Wewe jaribu kumfungia geti muntu aliyetembea kilima kizima akuletee pole. Walikaa nje, kwenye majani, wakaimba. Kwaya ya kanisa ilikuja na ngoma, ikaimba wimbo ule ule tunaozikia watu, na katikati ya wimbo mama mmoja akaniuliza kupitia fito za ua kama kati ya marehemu kulikuwa na batoto badogo. Nikamwambia kumi na wawili. Akaanza upya kuanzia ubeti wa kwanza.

Lakini kuna mmoja ambaye geti halikumzuia, kwa sababu hakupita getini. Huyu ni jirani yangu wa chini, upande wa ziwa, mzee anayeimba besi katika kwaya hiyo. Ana nguruwe jike mmoja tu, mjukuu wa jike nililompa mimi zamani aliporudi toka Congo hana kitu. Yule jike mmoja ndiye anayemsomesha mjukuu wake wa kike kazi ya uuguzi. Kila mtu anajua hivyo, na wakati ule jike alikuwa na mimba.

Mzee alipanda kupitia kwenye migomba, na gunia la mchele begani. Gunia lilikuwa linalia.

Kuna desturi ya hapa, Wanyarwanda wanaiita gushumbusha. Ng'ombe wa mtu akifa, rafiki anamletea mwingine ili ua wake usibaki tupu. Desturi ni ya ng'ombe. Mzee aliona inafaa na kwa nguruwe.

“Mzee,” nikamwambia, “ngurube hairuhusiwe kutembea. Sekta yote imefungwa.”

“Dogiteri alikatazaka kuuzisha. Miye siuzishe. Ninakupa.”

“Na nyumba inapashwa kukaa tupu siku makumi ine.”

“Nyumba tupu njo ugonjwa yenyewe.”

Nilimweleza. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyejenga kwa simenti, mimi ndiye niliyeutambua ugonjwa kabla ya wote, na kwamba dogiteri aliniambia mambo ambayo hajaambia mtu mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua gunia, akaweka mikononi mwangu kitoto cha nguruwe, kimoja kati ya viwili alivyonunua sokoni kabla sekta haijafungwa. Kilikuwa na joto zuri. Ningefanyaje? Aliyepewa akakataa, anamwambia mtoaji kwamba mkono wake ni mchafu. Nikajiambia simenti imeshaoshwa, si ya kawaida hii. Nikakiingiza.

Siku ya tisa masikio yake yalikuwa rangi ya divai.

Mzee alipopata habari alikuja mbio, akakibeba mwenyewe mpaka shimoni, akalia. Alikuwa amekuja kunipa pole ya pole. Dogiteri alitukuta hapo hapo, akamwosha mikono na viatu kwa javeli, akachoma gunia. Mzee alipomaliza kuoshwa akasema:

“Nilikuletea yenye bahati mubaya. Nitakuletea ya pili.”

Akaondoka. Dogiteri aliniita kando.

“Papa, siku makumi ine zinaanza upya leo. Lakini si wewe niko naogopea. Wewe umeshapoteza. Ule mzee kila akikuya kwako, anarudi mu nyumba ya jike wake. Siku moja atarudi nayo mu bilatu. Ninaweza kumuita kwa wakubwa, bamupige faini.”

“Hapana,” nikasema. “Niachie. Batu bananisikiaka miye.”

Nilimweleza mzee mara ya pili barabarani, mara ya tatu kisimani, mara ya nne kwa simu. Kila mara alisema nimesikia jirani, na kila mara aliongeza kwamba kitoto cha pili kimeshaanza kula vizuri.

Nikakaa nikafikiri, na mimi nikikaa kufikiri kitu kinatoka. Watu wanaleta pole kwa sababu nina huzuni. Basi nisiwe nayo. Kesho yake nilivaa suti, nikatoa nje baffle kubwa, ile spika ya muziki, nikaweka rumba inayosikika mpaka kwenye mitumbwi, nikasimama getini kuanzia asubuhi nikicheka. Kila aliyepita nilimwambia niko salama kabisa, sijawahi kuwa na raha hivi, nguruwe ni kitu gani.

Mpaka saa sita, Nkanka yote ilijua nimerukwa na akili.

Waliokuwa hawajaja, wakaja. Waliokuwa wamekuja, wakarudi na ndugu zao. Walisimama mbali, wakanitazama nikicheza, wakafuta macho. Siku iliyofuata akafika bofrere, kaka wa bibi yangu, kutoka Bugarama, na gunia la mchele na godoro lake. Alisema amekuja kutusalimu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukusanya nyembe zote. Cha pili, alifungua kamba ya kuanikia nguo, akaizungusha kiunoni kwake chini ya koti, na hapo ikakaa siku zote. Bibi yangu alianika mashati kwenye ukuta.

“Bofrere,” nikamwambia, “niko muzima.”

“Njo vile banasemaka.”

“Ninacheka juu nataka batu basikuye tena na pole. Ni mambo ya ugonjwa.”

“Ndiyo, bofrere. Ya ugonjwa.”

Nilipokwenda chooni alinifuata, akasimama nje ya mlango akipiga mluzi, na mluzi ukikatika mimi nilijua ananitegea sikio.

Huyu bofrere ndiye aliyeniletea habari mbaya. Alikuwa amezungumza na mzee. Mzee alisema kichwa changu kinaharibika kwa sababu ya upweke wa nyumba tupu, na kwamba Jumamosi kwaya nzima itamsindikiza na kitoto cha pili, kupitia getini, kwa heshima zote, na yeye mwenyewe atakiingiza na kulala humo usiku wa kwanza ili kizoee. Alale humo. Kwenye majani ya nguruwe wangu, na koti lake, halafu asubuhi ashuke kwake kumpa jike wake chakula.

Sikucheka tena. Nilizima rumba. Bofrere aliona nimeizima, akanishika mkono.

Jumamosi walikuja kumi na watano, wamevaa sare za kwaya, mzee mbele na gunia. Nilikuwa nimesimama ndani ya geti. Aliweka mkono juu ya komeo.

“Mzee,” nikasema, “ngoja. Fungua gunia hapo hapo, nione.”

Akafungua. Kilikuwa kitoto kizuri, na ninasema leo kwa sababu siku ile sikusema. Mgongo ulionyooka, macho safi. Nilikitazama muda mrefu ili wote waone ninakitazama.

“Hii ni ngurube ao ni panya?”

Nikaigeukia kwaya.

“Zangu zilikuwa ndefu kama benchi ya kanisa. Unaniletea kintu kama hii, niweke mu simenti, batu baseme nini? Ulikosa ya kutupa, njo ukanikumbuka? Rudisha. Miye siombake.”

Mzee aliinama. Alifunga gunia. Vidole vyake vilikosea fundo, akaanza tena, likashika. Halafu akasema asante jirani, akageuka, na kwaya ikafunguka katikati kumpisha. Hakuwa amekanyaga ndani. Kitoto hakikuwa kimekanyaga ndani. Niliangalia kwanza viatu vyake, halafu mgongo wake, na mpaka leo mgongo ule ninauona vizuri kuliko viatu.

Pole zilikwisha siku hiyo. Hakuna aliyekuja tena, wala kuniuliza habari barabarani. Bofrere alifungua kamba kiunoni, akairudisha mahali pake, akafunga godoro.

“Sasa ninaona uko muzima,” akasema. Akapanda pikipiki kwenda Bugarama. Mchele uliobaki alirudi nao.

Zikaanza siku za kungoja. Ugonjwa ule unaweza kukaa kimya siku nyingi, halafu ukatoka. Mzee alikuwa amebeba kile kitoto cha kwanza kwa mikono yake, na kabla ya hapo alikuwa amepanda na kushuka mara ngapi. Kila asubuhi nilisimama chini ya ua wangu, nikatega sikio. Jike wa mzee ana sauti ya kudai chakula kama muntu anayedai kiti chake kwenye basi. Akipiga kelele, nilikwenda kunywa chai. Sikumwambia mtu. Bibi yangu alijua, maana alikuwa anachemsha maji baada ya kusikia ile kelele, si kabla.

Halafu ikafika asubuhi ambayo hakulia.

Nilingoja mpaka jua likapanda juu ya migomba. Kimya. Niliona mzee akiingia ndani ya kibanda, akatoka haraka, akaingia tena na ndoo. Nilimpigia dogiteri, na maji ya chai yalikuwa bado hayajawekwa motoni. Alifika, akaacha pikipiki juu barabarani, akavaa buti nyingine, akashuka. Alikaa humo muda ambao mimi siwezi kuusema kwa saa. Nilisema maombi, na mimi si muntu wa kuomba sana, mimi ni muntu wa kazi.

Alipotoka alinipigia simu nikiwa ninamwona kwa macho.

“Papa, jike anazaa. Ameshafikisha kumi na moya. Masikio yao ni kama ya malaika.”

Nilikaa chini pale pale, kwenye tope, na suruali nzuri.

Dogiteri ndiye aliyemweleza mzee kwa nini nilimtukana. Mimi sikumtuma. Siku mbili baadaye mzee alipanda mpaka kwenye mfereji unaotenganisha mashamba yetu, akasimama upande wake.

“Ni kweli ulinitukana juu ya ngurube?”

“Juu ya ngurube yako.”

“Juu ya nini haukunielezea?”

“Mzee, nilikuelezea mara ine.”

Alifikiri. “Mara ine, ndiyo. Na kila mara ulianzia kwa simenti yako. Ukianzaka na simenti, miye ninaacha kusikiliza, ninangoja umalize. Batu bote banafanyaka vile.”

Hilo sikulijua.

“Ulisema mbele ya kwaya,” akaendelea. “Utatengeneza mbele ya kwaya.”

Jumapili, matangazo yalipokwisha, niliomba nafasi. Nilisimama mbele nikasema kitoto kile nilichokiita panya kilikuwa nguruwe mzuri, mgongo umenyooka, macho safi, na mkono uliokileta haukuwa na uchafu. Nilisema nilikosa. Watu walikuwa kimya kabisa, na mimi watu wakinyamaza hivyo ulimi unapata nguvu. Nikaanza kuwaeleza jinsi ugonjwa unavyotambulika, na kwamba katika sekta nzima wa kwanza kuutambua alikuwa ni mimi, katika nyumba ambayo—

“Jirani,” mzee akasema kutoka kwenye safu ya besi, bila kupandisha sauti. “Ya ngurube inatosha.”

Nikakaa.

Nje, baada ya ibada, alinifuata. Alikuwa na uso wa mtu ambaye bado hajamaliza hasira yake lakini amechoka kuibeba. Alisema batoto ba jike bameanza kukimbia vizuri, kesho nipite niwaone.

Nilitaka kwenda kuliko ninavyoweza kuandika. Nikamwambia siwezi, zimebaki siku sita.

“Siku sita za nini?”

Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikaanza upya. “Bilatu byangu,” nikasema.

Mzee aliviangalia viatu vyangu, viatu vya ngozi, vimepakwa rangi asubuhi ile. Akavitazama vyake. Halafu, pale pale mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu, akarudi nyuma hatua moja.